Sijambo Iliyogongwa Mhuri

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki iliyopita kuna mtu alikuwahi akafutia vioo vya gari, usihangaike. Nakurudisha kwenye mstari sasa hivi.

Mimi ndiye yule kijana wanayemwita Profesa. Jina hilo nililipata siku niliyorudi nyumbani na begi la chuo bila cheti cha chuo. Mjomba wangu alisimama mlangoni akanipigia saluti.

Nikaja ugenini huku kwa viza ya matembezi, kumtembelea kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, mwenye duka la dobi. Siku ya kwanza nilitembea. Siku ya pili nikavalishwa aproni.

"Hii si kazi," Kaka aliniambia. "Unanisogezea tu."

Nikasogeza mashuka ya hoteli mpaka mgongo ukaniuliza tumekosana nini.

Halafu ikaja ile pasi kubwa ya mvuke. Nilikuwa nimemwambia Kaka nati zake zimelegea. Akaniambia nikasome vitabu vyangu. Pasi haikusoma kitabu chochote, iling'oka ukutani ikanilalia kifuani. Mbavu mbili chali, pafu likatoboka.

Mtu mwingine njiani kwenda hospitali angenishika mkono. Kaka alinishika kidevu.

"Umeteleza bafuni. Unanisikia? Mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Umeteleza na sabuni."

Lugha ya huku naijua ya kuombea maji tu. Kwa hiyo hospitali Kaka ndiye alikuwa mdomo wangu. Na mdomo wangu ukawaambia madaktari kwamba nimeteleza na sabuni.

Sasa tuendelee.

Siku niliyoruhusiwa, daktari alikuja kitandani akaongea kwa kirefu. Alinionyesha mawingu dirishani. Akatikisa kichwa. Akaongea tena.

Kaka akatafsiri: "Anasema uko poa. Ijumaa unaweza kupanda ndege."

Ijumaa ndiyo viza yangu ilikuwa inaisha. Tiketi ilikuwa ya siku hiyo hiyo.

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Lugha yao ndefu."

Nikatabasamu. Nilikuwa na hamu ya kwenda nyumbani, nisikufiche. Lakini daktari alipoona natabasamu, alishtuka. Nadhani alitegemea ninune.

Akavuta glovu ya mpira kwenye boksi. Akaipuliza ikavimba, vidole vitano vimesimama. Akagonga kifua changu taratibu, akagonga na glovu: hii ni wewe. Akatanua mikono kama mabawa. Akaipandisha glovu juu, juu, juu, huku anaiminya, mpaka...

Paa!

Muuguzi aliruka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka anatafuta viatu. Daktari akaninyooshea kidole, akaninyooshea vipande vya glovu.

Nikamgeukia Kaka. "Na hapo amesemaje?"

Kaka hakupepesa jicho. "Anakutakia safari yenye shangwe."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipomuelewa mtoto wa baba mkubwa. Kumbe hakutaka nirudi nyumbani. Alitaka niondoke, basi. Nikipasuka angani, hakuna mkaguzi wa kazi atakayepanda mawinguni kuuliza ile pasi ilikuwa imefungwa na nini. Nikibaki, ipo siku mtu atauliza, na mlango wa duka utawekewa kufuli la serikali.

Nikaapa. Sikuapa kwa sauti, kifua hakikuruhusu. Niliapa kimoyomoyo: sipandi ndege hiyo, na huyu nitamnyoosha mpaka mikunjo yake yote iishe.

Daktari alikuwa ameandika barua: huyu asiruke mpaka pafu lipone, aongezewe muda wa kukaa. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Nitakutunzia."

Kesho yake barua ikatoka kwenye mashine ya kufulia ikiwa uji.

"Aisee," Kaka akasema, ameshika kile kidonge cha karatasi. "Nimesahau kukagua mfuko."

Dobi! Mtu ambaye siku ya kwanza alinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote: usitie nguo majini kabla hujakagua mifuko. Mtu ambaye alishawahi kuokoa mbegu ya tikiti kwenye suruali ya mteja, akampigia simu aje aichukue. Leo amesahau.

"Haina neno, Kaka," nikamwambia. "Bahati mbaya."

"Ndivyo ninavyokupendea. Huna kinyongo."

Kinyongo? Nilikuwa nacho cha kuwagawia majirani.

Mke wa Kaka, shemeji yangu, alikuwa anakunja taulo. Hakuinua uso. Kaka alipotoka, akaongea na taulo:

"Mimi shem sijaona kitu, sijasikia kitu. Koti lako lile pale. Kadi ya hospitali iko kwenye mfuko wa koti. Basi linasimama pale kona."

"Shem, sijui lugha."

Akakunja taulo la mwisho. Akashusha pumzi. "Na mimi sijui kwa nini navaa viatu."

Tukaenda wote. Daktari wangu alikuwa ameanza likizo, lakini muuguzi alinikumbuka. Nani angemsahau mgonjwa wa glovu? Akatoa nakala ya barua kwenye kompyuta, yenye tarehe ile ile ya zamani. Akamwambia shemeji maneno machache, shemeji akaniletea yakiwa mazima, hayajafuliwa.

"Usinyanyue kitu kizito. Usikohoe kwa nguvu. Na usicheke."

"Nisicheke?"

"Kicheko kinaweza kulifungua tena pafu."

"Shem, nakaa nyumbani kwa Kaka. Nicheke nini?"

Akakaribia kucheka yeye.

Nikaenda ofisi ya uhamiaji peke yangu, na barua nimeificha kifuani kama mtoto mchanga. Nilijua wana mkalimani wa lugha yetu. Kwa mara ya kwanza tangu pasi inilalie, nilikuwa naenda kuongea kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mkalimani alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilipomuona tu nikajikuta nainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Afisa yuko tayari."

Afisa alikuwa kijana mwembamba, mpole, kola ya shati imepigwa pasi upande mmoja tu. Udobi ukikuingia hautoki. Alisoma barua. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kitu kwa upole.

Mama Mkalimani akanigeukia. "Anauliza, hujambo?"

Sasa jiweke mahali pangu. Mama wa rika la mama yako mzazi amekutazama usoni anakuuliza hujambo. Utamjibu nini?

"Sijambo, mama."

Akatafsiri. Afisa akaandika.

"Habari za afya?"

"Nzuri tu."

Afisa akaandika.

"Unaendeleaje sasa?"

"Naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nyie je, hamjambo?"

Mama akatafsiri. Afisa akatabasamu. "Anasema anashukuru, na yeye hajambo."

Kisha afisa akachukua mhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye faili langu. Gu!

Nikamuuliza mama, "Nimepata?"

Mama alikuwa ameshavua miwani. "Umekosa, mwanangu."

"Nimekosaje?"

Afisa akasoma kutoka kwenye karatasi yake, mama akafuata nyuma neno kwa neno. "Barua ya daktari ni ya wiki iliyopita. Jana mwenyeji wako alipiga simu hapa akasema umepona, na kwamba unabeba watoto mgongoni. Leo umeulizwa hali yako mara tatu. Mara tatu umesema wewe ni mzima. Ijumaa unasafiri."

"Mama! Zile zilikuwa salamu!"

"Najua, mwanangu. Na mimi nimelelewa huko huko. Lakini nimekula kiapo. Kinachotoka mdomoni mwako ndicho ninachotafsiri."

"Basi mwambie kwetu hata mtu anayekata roho anajibu sijambo kwanza, ndipo aeleze anavyokata roho!"

Mama akamwambia. Afisa akashika kidevu, akafikiri kwa dhati kabisa.

"Anauliza, sasa mnajuaje nani mgonjwa?"

"Mgonjwa anasema, sijambo kidogo."

Mama akatafsiri. Afisa akapekua karatasi yake, mstari kwa mstari. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Anasema, hukusema kidogo."

Nilitaka kulia. Nikakumbuka kwamba kilio nacho kinatikisa mbavu, nikaahirisha.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema ninayo nafasi moja ya kupinga. Nije Alhamisi, na mwenyeji wangu awepo aulizwe yeye mwenyewe. Baada ya hapo ni uwanja wa ndege.

Mama Mkalimani akanisindikiza mpaka mlangoni. "Pole, mwanangu. Kule ndani mimi ni bomba la maji tu. Kinachoingia huku kinatokea kule."

"Kila kitu, mama?"

"Kila kitu. Hata ukikohoa, nitasema amekohoa."

Nikasimama. Nikamtazama yule mama. Kitu kikanitekenya kichwani, kitu ambacho hakikuwa kimenitekenya tangu zile siku za chuo nilipobadilisha vibao vya milango ya maprofesa, wakafundishiana madarasa wiki nzima.

Kama salamu imenimaliza mimi, kwa nini isimmalize na yeye?

Lazima nikueleze kuhusu Kaka na salamu. Kaka ameishi ugenini miaka mingi, amebadilika kila kitu, kutembea mpaka kupiga chafya. Lakini salamu hajaacha. Kwake salamu haiwi fupi. Siku niliyofika, nimechoka, nimebeba mabegi, alinirudisha mlangoni nianze upya kwa sababu nilisahau kuulizia paka.

"Utu ni salamu," alisema. "Ulizia kila kilichomo ndani ya nyumba."

Na mtu ukishamuanzishia, anajibu. Hawezi kuacha. Ni kama mashine ya kufulia, ikishafunga mlango haifunguki mpaka imalize mzunguko.

Jioni nikamwendea, sura nimeilegeza.

"Kaka, wamenikatalia."

"Pole sana." Macho yake yakapiga sherehe. "Mungu hapendi ukae ugenini."

"Wanataka Alhamisi uje uwahakikishie kwamba nimepona, ndipo wafunge faili."

"Nitakuja na suti."

"Nikupigie pasi?"

"Unaona? Huna kinyongo."

Nilimpigia pasi suti ile kwa mkono mmoja, kwa upendo wote nilionao. Halafu nikachukua nguo yake ya ndani. Pale dukani tuna wanga wa kola, ule mzito, wa kusimamishia makola ya majaji. Unachovya, unakausha, unapiga pasi, kitu kinakuwa kama bati. Nikachovya. Nikakausha. Nikachovya tena.

Hilo halikuwa sehemu ya mpango. Hilo lilikuwa zawadi yangu binafsi.

Alhamisi asubuhi Kaka alitoka chumbani anatembea kama bikari ya shule, miguu imeachana.

"Hii suti umeipiga pasi vizuri," alisema, jasho linamtoka. "Imekaza."

"Ndiyo, Kaka. Simama wima, inakupendeza."

Shemeji alikuwa anafunga kamba za viatu vya mwanawe mdogo. Akaniangalia, akamwangalia mumewe, akainama tena kwenye viatu. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Ofisini Kaka alijaribu kukaa. Kiti kikasikika kraa. Akajisogeza. Kraa. Afisa akakitazama kile kiti, akaandika kitu, nadhani kuhusu samani. Mimi nikauma ulimi. Usicheke, Profesa. Glovu. Kumbuka glovu.

Afisa akaanza. Kaka akamjibu kwa lugha yao, fasaha, mikono inacheza. Mama Mkalimani akanitafsiria mimi pembeni: "Anasema umepona kabisa. Anasema unakula kuliko wote nyumbani. Anasema barua ya daktari uliipata kwa kulialia."

Afisa akanitazama. "Anauliza kama una la kusema," mama akaniambia.

"Ninalo. Lakini kwanza naomba ruhusa nimsalimie kaka yangu. Leo asubuhi tulikimbia, sijamsalimia, na mbele ya mama mtu mzima naona aibu."

Mama akatafsiri. Afisa akashangaa, akaruhusu kwa mkono.

Kaka akanyanyua kidevu. Mbele ya mama wa kwao, anasalimiwa na mdogo wake hadharani. Angekataaje?

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Mama: bla bla bla, kwa lugha yao. Neno kwa neno.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto hawajambo?"

"Wote hawajambo."

"Paka hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia." Ameshaingia kwenye mzunguko. Macho yamelegea, sauti imekuwa ya kuimba. Mlango wa mashine umejifunga.

"Kazini hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Mashuka ya hoteli niliyoacha sijayamaliza?"

"Yameisha, hayajambo."

"Na pasi kubwa haijambo, ile iliyonilalia kifuani?"

"Haijambo, fundi ameshakuja kuifunga nati..."



Mama Mkalimani akaendelea kutafsiri mpaka mwisho wa sentensi. Bomba la maji. Nati alizitafsiri kwa vidole, akionyesha zinavyozungushwa.

Kalamu ya afisa ilisimama. Kisha ikaanza kukimbia.

Ningekuwa na uwezo ningechora uso wa Kaka nikautundika sebuleni. Ulikunjika kama kitambaa kilichotolewa majini bila kukung'utwa. Nikasema moyoni: hiyo ni ya kidevu. Hiyo ni ya sabuni. Na hiyo, Kaka, ni ya glovu.

Lakini afisa hakumgeukia Kaka. Alinigeukia mimi.

Mama akatafsiri taratibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anauliza, kumbe ulikuwa unafanya kazi?"

Tabasamu likanikaukia mdomoni.

"Viza yako ni ya matembezi, mwanangu. Kama ulikuwa mfanyakazi, umeivunja. Haongezwi muda mtu aliyevunja viza. Duka litaletewa wakaguzi, kaka yako atajibu, lakini na wewe kesho utapandishwa ndege, uwe umepona au hujapona. Na huku hutatia mguu tena."

Ujanja wote ule, nimekaa na mpango tangu Jumanne, na hilo sikuwa nimelipigia hesabu! Ndiyo maana chuo kilinishinda. Swali la kwanza najibu kwa mbwembwe, la pili sijalisoma.

Kaka aliona upenyo. Akapiga kelele kwa lugha yao, kisha kwa yetu ili nisikie: "Hakuwa mfanyakazi! Alipita kusalimia tu! Mgeni alipita kazini kutusalimia!"

Afisa akainua kiganja anyamaze. Akasema na mimi, polepole, kwa heshima.

"Anasema, yeye hataki maneno ya mwenyeji," mama alisema. "Anataka neno lako. Kama ulikuwa mgeni uliyepita kusalimia ukaangukiwa na mashine, wewe huna kosa. Kifua chako kitapimwa upya leo, na muda wako utaongezwa mpaka daktari aridhike. Ulikuwa mfanyakazi, au mgeni?"

Unaelewa nilivyobanwa? Nikisema mgeni, napona. Nakaa, natibiwa, nakwenda nyumbani nikiwa na pafu zima. Na Kaka anatoka pale na suti yake, msafi. Ile pasi inakuwa ajali ya mtu aliyepita kusalimia. Kesho atampa mwingine aproni, amwambie unanisogezea tu.

Nikisema mfanyakazi, namzika. Na shimo tunaingia wote.

Kaka akaniinamia. Kiti kikalia kraa. Akaninong'oneza kwa lugha yetu, chini kabisa: "Mdogo wangu. Damu moja. Sema mgeni, haya mengine tutayamaliza nyumbani."

Mama Mkalimani akamgeukia afisa, akatafsiri mnong'ono wote.

"Mama!" Kaka akaruka. "Hiyo usitafsiri!"

Mama akatafsiri: anasema hiyo nisitafsiri.

"Basi! Nyamaza, mama!"

Mama akatafsiri: anasema ninyamaze.

Kaka akasimama kwa hasira, na wanga ukafika mwisho wake. Kitu ndani ya suruali ya suti kilisikika kikivunjika, ka-ka-ka, kama kikombe kilichoanguka kwenye ngazi. Akabaki amesimama miguu imeachana, mikono imeachana, hawezi kukaa wala kutembea, jasho linamdondoka kwenye faili la serikali.

Afisa akamuuliza kitu mama kwa wasiwasi. Mama akamuuliza Kaka, uso mkavu: "Anauliza, hujambo?"

Na Kaka, mtu wa salamu, akajibu: "Sijambo."

Nilijitahidi. Mungu ni shahidi yangu. Niliuma ulimi, niliuma shavu, nilikumbuka misiba yote niliyowahi kuhudhuria. Kicheko kilianzia unyayoni. Kikapanda magotini. Kikafika tumboni, nikakishika kwa mikono miwili. Nikamuona Kaka anajaribu kujikuna kwa heshima.

Kikatoka.

Nilicheka kama ambavyo sijacheka tangu niingie nchi hii. Nilicheka ya mashuka, nikacheka ya aproni, nikacheka ya barua iliyogeuka uji. Na katikati ya kicheko, upande wa kushoto, ndani, nikasikia kitu.

Fyuuu.

Kidogo tu. Kama glovu inayoachiwa pumzi.

Hewa ikakataa kuingia. Nikavuta, haikuja. Meza ikasogea mbali, dirisha likasogea karibu. Nilishika ukingo wa meza. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, neno moja la kummaliza mtoto wa baba mkubwa, na mimi nalitaka, nalitaka kuliko hewa yenyewe. Halikutoka.

Nikaanguka chini pamoja na kiti.

Niliona viatu vya Kaka. Haviji kwangu, vinarudi nyuma. Niliona viatu vya afisa vinazunguka meza mbio, karatasi yangu iko mkononi mwake, kalamu bado iko wazi. Halafu nikaona miwani yenye kamba inaning'inia juu ya uso wangu. Mama Mkalimani alipiga magoti. Alinishika shavu, macho yamejaa machozi.

"Mwanangu! Mwanangu, hujambo?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na pumzi moja. Moja tu. Ya kuomba daktari, au ya kumtaja Kaka.

Mdomo wangu, uliolelewa vizuri, haukuningoja.

"Sijambo, mama."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamdondoka. Akamtazama afisa, afisa akamtazama yeye na kalamu imeinuliwa, na nikamuona yule mama, mwenye kiapo chake, anakiondoa kiganja mdomoni ili atafsiri.